Stesheni Isiyo na Reli: Maneno ya Gari la Moshi na Mitaa ya Nachingwea

Katika wilaya ya Nachingwea, mkoa wa Lindi, iko kata iitwayo Stesheni. Hapana gari la moshi lifikalo hapo, wala halijafika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wengi wa wakaao wilayani leo walizaliwa baada ya reli kung'olewa. Hata hivyo mtu husema, "Nakaa Stesheni," na msikiaji hashangai, wala haulizi treni yaja saa ngapi. Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi jina hilo lilivyopatikana na jinsi lilivyobadilika katika lugha, na kwa nini wakati huu yafaa majina ya namna hii yaangaliwe kwa makini kuliko zamani.

Kwanza habari ya reli yenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, wa kampuni ya United Africa, alitoa shauri kwamba karanga zilimwe kwa mitambo katika Afrika ya Mashariki, na ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ukatumwa mwaka ule ule kuitazama nchi. Shauri lilikubaliwa: zifyekwe eka 3,210,000, zikatwe mashamba ya eka 30,000 kila moja. Katika Tanganyika zilichaguliwa sehemu tatu, yaani Kongwa, Urambo na Nachingwea, na sehemu hii ya Kusini ndiyo iliyotazamiwa kuwa kubwa kupita zote. Lakini Kusini hapakuwa na bandari ya kutosha wala reli. Basi njia ya reli ya upana wa mita moja ikaanza kujengwa kutoka Mkwaya, katika ghuba ya Lindi, kuelekea bara hata Nachingwea. Baadaye ikafunguliwa bandari ya maji makuu ya Mtwara, mwaka 1954, na reli ikaunganishwa nayo. Kisha tawi likapelekwa Masasi.

Msomaji na aitazame miaka hiyo. Serikali ya Uingereza iliuacha mpango wa karanga Januari 1951, baada ya kupoteza kama pauni milioni 36. Maana yake ni kwamba bandari ilifunguliwa miaka mitatu baada ya kuachwa kwa mazao yaliyokuwa sababu ya kuijenga. Reli ilibaki ikichukua mizigo michache ya nchi, kwa hasara, muda wa miaka kumi na zaidi kidogo, kisha ikafungwa na vyuma vyake vikaondolewa. Kwa umri wa reli, huo ni umri wa mtoto.

Hata hivyo mji uliozaliwa na reli haufi pamoja nayo. Gari la moshi haliwezi kupanda mlima mkali wala kukata kona ya ghafula, kwa hiyo wahandisi huipimia reli ardhi yake kwanza, na kila kitu kingine hupangwa baada ya hapo: uwanja wa kupakulia, mabanda ya bidhaa, karakana, ndipo nyumba za watumishi, na katika zama za ukoloni nyumba hizo zilitengwa kwa daraja na kwa rangi. Lugha yetu iliupokea utaratibu huo kwa majina ya umbo moja: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Umbo hilo, lenye u- mwanzoni na -ni mwishoni, limeenea miji mingi ya Tanzania, nalo laweza kusomwa kama ramani hata pale ambapo ramani yenyewe imepotea. Mji wa kale wa pwani haukukua hivyo. Huko nyumba zilitangulia na njia ikapita palipobaki. Ndiyo maana mtaa, kwa asili, ni kundi la nyumba na watu wake, wala si njia ipitayo kati yao. Maana ya njia ni ya baadaye, na hata leo maana hizo mbili zashindana.

Pwani nako palikuwa na vyuma vilivyopita mitaani, ingawa kwa mwendo mwingine. Mombasa, tangu miaka ya 1890 hata miaka ya 1920, abiria walipanda magari madogo yenye kitambaa cha kivuli juu, yakisukumwa na watu juu ya reli nyembamba kati ya mji na Kilindini. Unguja, tangu 1905 hata 1928, gari la moshi lilitoka karibu na Ngome Kongwe, likapita Darajani katika njia nyembamba sana, likaenda Bububu, mwendo wa kama maili saba. Hizo ndizo jamaa za karibu kabisa za tramu tulizopata kuwa nazo, na bado neno "tramu" halikupata mizizi katika Kiswahili: la Mombasa liliitwa kwa jina la toroli, la Unguja likabaki gari la moshi. Warusi walilichukua neno hilo la Kiingereza wakalifanya lao, tramvai, kwa sababu tramu ilikaa nao, hata katika miji midogo kama Volchansk, mji wa machimbo ya makaa ya mawe katika milima ya Ural, ambako tramu ilifunguliwa mwaka 1951, mwaka ule ule ambao karanga ziliachwa Nachingwea. Neno la kigeni hukaa likiwa na kazi ya kufanya.

Habari ya Bububu ina onyo kwa kila mwenye kueleza majina ya mahali. Wako wasemao kwamba Bububu ni mlio wa gari la moshi. Maelezo hayo ni matamu, nayo si kweli: Emily Ruete, binti wa Seyyid Said, aliitaja Bububu katika kitabu cha maisha yake kilichochapwa mwaka 1886, karibu miaka ishirini kabla ya gari hilo kulia. Tarehe na itangulie hadithi.

Sasa tuyarudie maneno. Yaonekana kwamba Kiswahili kilipokutana na reli hakikukopa ovyo. Kilikopa majina ya chombo na ya ofisi, kama reli, injini, tikiti, gadi na stesheni. Lakini mengi ya viungo vya kazi kiliyatafuta nyumbani. Taruma ni ubavu wa chombo cha baharini, ule mti uliopindwa unaoshika mbao za ubavuni. Fundi aliyeona miti iliyolala chini ya vyuma, sawasawa, mmoja baada ya mwingine, aliiita mataruma, na tangu hapo jina la jahazi likapanda bara. Behewa, neno lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa ukumbi wa ndani wa nyumba. Likawa chumba kinachokwenda. Tuta ni la mkulima. Ni udongo ulioinuliwa kwa jembe ili kupanda mazao, kisha likawa udongo ulioinuliwa ili reli ipite juu yake. Kwa hiyo gari la moshi la Kiswahili lilijengwa kwa jahazi, nyumba na shamba, na mimi naona hiyo ni kazi nzuri kuliko nyingi zilizofanywa na kamati za istilahi.

Tuta halikukoma hapo. Katika barabara za leo, ambapo abiria hupanda bodaboda na mabasi huondoka stendi, tuta ni kizuizi kilichowekwa makusudi ili gari lipunguze mwendo. Kitu kilichoinuliwa ili chombo kipite upesi sasa chainuliwa ili chombo kipite polepole. Mkulima wa Nachingwea aweza kutumia neno hilo kwa maana zote mbili, ya shamba na ya barabara, katika asubuhi moja. Ile ya reli iliyokuwa kati yake imeondoka pamoja na vyuma.

Stesheni imepata bahati nyingine. Neno hili la Kiingereza lilipofanywa la Kiswahili liliishia kwa -ni, na hiyo ni sadfa tupu. Lakini sadfa hiyo ililiweka safu moja na Mjini, Sokoni, Bomani na Kilimani. Msemaji hahitaji kuongeza kitu ili kuonyesha mahali. Likiwa jina la kawaida, lapatana na ngeli yake: stesheni imefungwa, stesheni mbili zimejengwa. Likiwa jina la kata, wingi wake hauwezekani, na upatanisho wa mahali ndio unaolifaa: Stesheni kuna shule, Stesheni pamebadilika. Hapo maana ya kusimama kwa treni imekwisha toka, kama ilivyotoka maana ya barua katika Posta ya Dar es Salaam, ambayo kwa abiria wa daladala ni katikati ya mji tu. Kamusi zetu huandika kwamba stesheni ni mahali gari la moshi lisimamapo. Ni sahihi, lakini mtoto wa Nachingwea atakayeifungua atadhani kwamba kamusi imekosea au kwamba kwao kumekosewa jina.

Wala Stesheni haiko peke yake. Katika wilaya hiyo zimo kata za Boma, Raha Leo, Kilimanihewa na Ugawaji. Boma ni jina la utawala. Raha Leo ni jina la mtaa mashuhuri wa Ng'ambo, Unguja. Ugawaji ni jina la ajabu kwa mwanafunzi wa sarufi, kwa kuwa si jina la mahali hata kidogo, bali ni jina la tendo, lililotoka katika kitenzi kugawa, na mahali pamepewa jina la lifanyikalo. Majina haya ya Kiswahili yamelala juu ya tabaka la zamani zaidi, la lugha za wenyeji: Nachingwea yenyewe, Naipanga, Naipingo, Nambambo, Namatula, Nangowe. Vuka uingie Ruangwa, utakuta Nandagala, Namichiga, Nambilanje. Hiyo na- ya mwanzoni ni ya Kimwera na jirani zake, wala si ya Kiswahili, na Lyndon Harries alikuwa ameichapa sarufi ya Kimwera mwaka 1950, wakati mitambo ingali ikifyeka msitu. Kuna na tabaka la tatu, lililo kavu kuliko yote: tarakimu. Farm 17, mahali ambapo wapigania uhuru wa FRELIMO walikuwa na kambi yao tangu miaka ya 1960, ni jina lisilo na neno la nchi ndani yake. Ni hesabu ya mpimaji, nayo imeingia katika historia ya Msumbiji pamoja na nchi yetu.

Ruangwa haikupata kuwa mji wa karanga kama jirani yake. Ilikuwa sehemu ya wilaya ya Nachingwea hata mwaka 1995 ilipofanywa wilaya yenyewe, na mitaa yake imefunguka kwa ajili ya ofisi za wilaya na barabara ya kushukia Nanganga. Kwa hiyo ukilinganisha majina ya miji hii miwili, utaona kwamba Nachingwea ina majina mengi zaidi ya kazi na amri, na Ruangwa imebaki karibu zaidi na majina ya nchi.

Jambo hili lilikuwa la udadisi tu hata mwaka 2022, nchi nzima ilipowekewa anwani za makazi kabla ya sensa ya Agosti. Majina ya mitaa na barabara yaliyokuwa yakitamkwa tu yaliandikwa, yakatiwa katika vibao vya chuma na katika daftari la mtambo. Jina lililoandikwa hivyo ndilo litakalodumu. Ikiwa Kilimanihewa itaandikwa kwa neno moja, ni ya mwisho wa Kilimani imefichwa, na kizazi kijacho kitashindwa kujua kama ni ni ya mahali au ni kitenzi. Ikiwa Raha Leo itaandikwa Rahaleo, sentensi ndogo yenye furaha yafanywa jina bubu. Mto Mbwemkuru huandikwa pia Mbemkuru na Mbwemkulu. Kibao kimoja chaweza kuyaua mengine mawili. Kazi hiyo ya kuandika ilihitaji masikio ya elimu ya lugha, na bado yahitaji, maana mitaa mipya hufunguliwa kila mwaka. Wazee walioiona reli ikifanya kazi wangaliko wachache. Wao waweza kusema tuta lilipita wapi, na mtaa upi uliitwaje kabla ya jina lake la sasa.

Upo mpango, uliotajwa kwa miaka mingi, wa kujenga reli ya kisasa kutoka Mtwara hata Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa. Ikiwa siku moja tawi lake litafika Nachingwea, mahali pa kusimamia treni patahitaji jina jingine, kwa kuwa Stesheni tayari ina wenyewe.