Kiungo Kifunguke Wapi? Somo Nililopewa na Jirani Yangu

Majuzi, baada ya swala ya Alasiri, jirani yangu alinijia na simu mkononi, uso umemkunjamana. "Mwalimu, fomu yako imenila!"

Fomu yenyewe ni ya kuandikisha watoto katika madrasa ya mtaani kwetu hapa Mombasa. Ukurasa wake niliutengeneza mimi, fii sabilillah, kwa diploma yangu hii ya kompyuta. Mama wa watu ana watoto wanne. Alikuwa ameshajaza majina yote, tarehe za kuzaliwa na namba za vyeti, akafika chini akaona maandishi ya buluu: "Soma kanuni za madrasa." Akabonyeza, asome kabla ya kukubali. Aliporudi, fomu ilikuwa nyeupe pepe. Bando limekwenda, na jioni yake imekwenda.

Nilimuomba radhi, maana kosa lilikuwa langu. Kiungo cha kawaida kikibonyezwa huondoa ukurasa uliopo na kuleta mwingine mahali pake. Ni kama ubao wa chuoni: ukitaka kuandika somo jipya, wafuta la zamani. Kuna wakati kivinjari hukumbuka ulichokijaza, na kuna wakati hakikumbuki. Si jambo la kutegemea.

Dawa yake ni fupi. Katika msimbo wa HTML, ndani ya alama ya kiungo, baada ya anwani, waongeza target="_blank". Hapo kivinjari hufungua kichupo kipya, yaani ukurasa wa pili kando ya ule wa kwanza, na fomu yabaki kama ilivyokuwa.

Ongeza pia rel="noopener". Zamani, ukurasa uliofunguliwa namna hii uliweza kuugeuza kichinichini ule ulioufungua. Mwizi angeweza kukuwekea huko nyuma ukurasa bandia unaofanana na wa benki yako, ukarudi ukaandika nywila bila kushuku. Vivinjari vikubwa vimeziba mwanya huo vyenyewe, Chrome tangu 2021. Lakini wako watu wetu wanaotumia simu kuukuu zisizosasishwa, na herufi hizo chache hazigharimu kitu.

Basi nami, kwa furaha ya kupata dawa, nikawanywesha wagonjwa na wazima. Viungo vyote vya ukurasa ule nikavifanya vifunguke katika vichupo vipya. Haikupita wiki, mzee mmoja wa msikitini akaniita. Alikuwa akisoma ratiba kwenye kompyuta ya mjukuu wake, akitaka kurudi alikotoka, kishale cha kurudi kimefifia, hakibonyezeki. Kumbe yuko kwenye kichupo kipya, na kichupo kipya hakina cha kurudia. Juu ya kioo vilikuwa vimejipanga vichupo kumi na kitu, asijue aanzie wapi. "Mwanangu," akaniambia, "umenipoteza ndani ya nyumba yangu."

Maneno yale yaliniingia. Nikavirudisha viungo vingi kama vilivyokuwa, nikaacha vile tu ambavyo mtu akiondoka atapoteza kazi yake: kanuni na maelezo yaliyo ndani ya fomu. Na kando ya kila kimoja nikaandika wazi, "hufunguka katika kichupo kipya." Anayeona ataona, na asiyeona, anayesomewa na simu yake, atasikia.

Nanyi wasomaji msingoje hisani ya mtengenezaji. Kwenye simu, shikilia kidole juu ya kiungo mpaka menyu itokee, kisha uchague kufungua katika kichupo kipya. Kwenye kompyuta ya Windows, shikilia Ctrl huku ukibonyeza, au bonyeza kwa gurudumu la kipanya. Kwenye Mac ni kitufe cha Command. Unapojaza fomu ya basari, ya kazi au ya hospitali, fanya hivyo kila mara kabla ya kufuata kiungo chochote.

Na nyinyi vijana mnaotengeneza kurasa za misikiti, shule na vyama vyetu, kabla ya kuzitoa kwa watu, mpeni mama yenu simu ajaze fomu mbele yenu, nanyi mnyamaze mtazame. Mimi ningelifanya hivyo, jirani yangu asingelijaza watoto wanne mara mbili.