Nyumba ya Udongo Kabla ya Mvua

Makazi ya Nakivale, katika wilaya ya Isingiro kusini-magharibi mwa Uganda, yalifunguliwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, nayo yamo miongoni mwa makazi ya wakimbizi yaliyo makongwe kabisa katika Afrika. Na kwa muda huo wote, tangu Wanyarwanda wa mwanzo hadi Wakongo, Warundi, Wasomali na Waethiopia wa leo, watu wamefika, wakapewa kipande cha ardhi, miti michache na turubai, ambalo Wakongo huliita shitingi, wakaanza kujisitiri. Aghalabu mwenye kufika husema moyoni kwamba yeye ni mpita njia, na madhali ni mpita njia haoni sababu ya kuhangaikia ufa wa ukuta wala tundu la paa. Kisha miaka kumi hupita, watoto huzaliwa na kuingia shule, na mpita njia angali akikinga matone kwa sufuria katikati ya chumba.

Kutunza nyumba si kukata tamaa ya kurejea kwao mtu. Ni kweli kwamba kwa kanuni za Uganda mkimbizi hupewa ardhi aitumie, wala hana ruhusa ya kuiuza. Lakini kuta zilizosimama juu ya ardhi hiyo ni jasho lake, na usiku wa leo watoto wake watalala ndani yake, si ndani ya nyumba ile aliyoiacha ng'ambo ya mpaka.

Nyumba nyingi za Nakivale ni za udongo, ama wa kukandikwa juu ya fito, ama wa matofali mabichi yaliyokaushwa kwa jua. Udongo si kitu cha kudharauliwa, kwani ukiwa mkavu hubeba uzito mkubwa kwa miaka mingi, na huifanya nyumba iwe baridi mchana na vuguvugu usiku. Adui yake mkubwa ni mmoja, naye ni maji, ambayo huujia kwa njia tatu: kutoka juu, kutoka chini na kutoka ubavuni.

Tuanze juu. Bati hupanuka kwa jua na kunywea kwa baridi ya usiku, na upepo unaotangulia mvua hulitikisa, hata misumari ikalegea na matundu yake yakatanuka. Msumari wa bati hupigwa juu ya mgongo wa bati, si katika bonde lake ambamo maji hupita, na mpira wake ukipasuka yafaa kubadilishwa kabla ukuta ulio chini yake haujalowa. Mwenye kwenda mjini Mbarara kununua bati jipya akumbuke kwamba hesabu ya geji huenda kinyume na hesabu nyingine: bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, na lile la bei rahisi huenda ndilo litakalong'olewa kwanza na upepo. Boriti nazo zifungwe kwa waya hadi ndani ya ukuta, na upenu utokeze mbele kiasi cha sentimita 60, ili maji ya paa yaanguke mbali.

Chini, ukuta wa udongo haupasi kukaa juu ya ardhi tupu, bali juu ya msingi wa mawe ulioinuka, kwa sababu matone yanayoruka kutoka ardhini huula ukuta kidogo kidogo pale miguuni pake. Aliyekwisha kujenga bila ya msingi huo bado ana hila: apange mawe kuuzunguka ukuta, achimbe mtaro wa kuyaondoa maji, na uwanja uinamie nje. Mchwa nao hupandia hapo hapo. Njia zao za udongo zikionekana ukutani zibomolewe mara moja, na kuni zisirundikwe penye ukuta.

Ama ubavuni, kosa kubwa ni la wale wenye pesa kidogo ambao, kwa kutaka nyumba ipendeze, huupiga ukuta wa udongo lipu ya saruji. Udongo huvimba ukilowa na kunywea ukikauka, ilhali saruji haitikisiki. Basi lipu hupasuka, maji huingia kwa nyuma na kukosa pa kutokea, na siku moja pande zima hubanduka na udongo wake. Lililo bora ni kukandika kwa udongo wa namna ile ile, uliochanganywa na mchanga na samadi ya ng'ombe, ambayo Ankole, nchi ilipo Nakivale, haiikosi. Ukitaka kuujua udongo wako, tia kiasi katika chupa ya maji, tikisa, uiache hadi kesho: mchanga hutua chini na udongo wa mfinyanzi hubaki juu, nawe utaona kwa macho ni kipi kilichozidi. Mfinyanzi ukizidi, ukuta utapasuka. Mchanga ukizidi, utamomonyoka.

Wahenga waliposema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, walikuwa wakinena habari ya ukuta kwelikweli. Ufa mwembamba huchimbwa kidogo, hurushiwa maji ili udongo mpya ushikamane na wa zamani, kisha hujazwa. Bali ufa unaoingia kidole, au unaopanda mshazari kutoka pembe ya dirisha, huenda ni dalili kwamba msingi unatitia, na hapo aitwe fundi. Wala msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya maskini tu: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, kasri aliyoijenga Sayyid Barghash huko Unguja mwaka 1883, ilianguka ilhali mafundi wamo kazini wakiitengeneza, na roho zikapotea.

Fauka ya hayo, paa lililo zima huleta neema. Kila milimita moja ya mvua inayonyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Hivyo paa la mita 30 za mraba, likipata mvua ya milimita 10, humwaga lita 300, na katika Isingiro, nchi ya ukame, mwenye mlizamu na pipa safi hupunguza safari nyingi za mtoto na dumu lake.

Mvua hunyesha huko kwa misimu miwili, kuanzia Machi na kuanzia Septemba. Basi Februari na Agosti ndiyo miezi ya kazi. Asubuhi moja, zunguka nyumba yako polepole, tazama misumari, tazama miguu ya ukuta, pitisha mkono juu ya nyufa, na uwaite watoto waukanyage udongo pamoja nawe. Siku ya kurejea ikifika mtaziacha kuta hapo zilipo, ila mikono iliyojifunza kukandika mtaondoka nayo, na huko mwendako huenda kukawa na nyumba inayoingojea.