Vijumba vya karatasi vyatunza kijiji kinachotoweka

Katika makumbusho ya Pendon, jimboni Oxfordshire, Uingereza, reli ya mfano hupita kando ya vijumba vilivyopunguzwa mara 76. Mlango wa mita mbili huwa milimita 26 tu.

Mwasisi wake, Roye England, Mwaustralia aliyewasili nchini humo mwaka 1925, alihuzunishwa na kutoweka kwa nyumba za kale za vijijini. Mwaka 1954 akaanzisha makumbusho hayo.

Fundi huanza kwa kuipima nyumba halisi. Kuta hukatwa katika karatasi ngumu, mistari ya matofali ikachorwa, kisha hupakwa rangi za maji. Mapaa huezekwa kwa nyuzi za katani zitumiwazo na mafundi bomba.

Nyumba halisi ikibomolewa, mfano husalia kuwa ushahidi wake.