Je, Wajua? Mlango wa gari huingiza maji kwa makusudi

Mlango wa gari lako haukuundwa kuzuia mvua yote. Maji hupenya kando ya kioo, huteremka ndani ya bati, kisha hutokea kwenye vitundu vidogo chini ya mlango. Matope ya barabara za mashamba ya chai Bomet yakiviziba, utasikia maji yakichezacheza kila ukifunga mlango. Pitisha kijiti chembamba hapo kabla ya kununua raba yoyote!

Kuna magari, hata hivyo, ambayo raba ndiyo kinga ya dirisha. Subaru Impreza, gari alilolitumia dereva Colin McRae kushinda Safari Rally mwaka 1997, liliendelea kuundwa hadi 2007 likiwa na vioo vya milango visivyo na fremu. Kioo huegemea raba tupu. Raba ikilala, mvua ya alasiri inakudondokea begani.

Kipimo cha raba ni noti ya shilingi 50. Ifungie mlangoni, kisha ivute. Ikikwama, raba bado inashika. Ikiteleza, hapo ndipo panapovuja. Zunguka dirisha lote, hasa konani.

Raba iliyolala si lazima itupwe. Ndani ya mlango wa kioo kisicho na fremu mna bolti za kuinamisha kioo, na fundi hodari hukisogeza milimita chache tu kikaibana raba upya. Kazi hiyo inapendeza kuitazama.

Lakini chonde chonde, usiipake raba grisi wala jeli ya kujipaka mwilini. Huivimbisha na kuilegeza. Ipake silikoni.