Kitu Kisichojulikana



Juzi baada ya sala ya Isha, mama mmoja wa hapa Likoni alinijia na daftari la bintiye. "Sheikh, mwanangu analia. Nami hesabu hizi sizijui, wala kwetu hakuna aliyezijua." Binti alikuwa kando akiyasikia. Nikahuzunika, kwani mtoto huirithi khofu ya mzazi kabla ya kuirithi mali yake.

Swali lenyewe: basi liliondoka Mombasa kwenda Malindi saa 2 asubuhi, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Saa 3 gari dogo likafuata njia ile ile kwa kilomita 60 kwa saa. Litalifikia basi saa ngapi?

Nikamuuliza mama: "Ukitakiwa ng'ambo saa 4, huondoka nyumbani saa ngapi?"

"Saa 3. Nusu saa ya feri, nusu saa ya matatu."

"Basi hesabu waijua. Umeanza na ulijualo, ukalitafuta usilolijua."

Ndivyo alivyofundisha Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad, katika kitabu chake cha al-jabr wal-muqabala, yapata mwaka 820. Alikiandika kwa mahitaji ya watu: biashara, upimaji wa ardhi, na sehemu kubwa ni mirathi. Lile lisilojulikana aliliita "shay", yaani kitu. Kwa jina la kitabu hicho Wazungu wakapata neno aljebra.

Tukaketi watatu. Kanuni ni moja: umbali ni mwendo mara muda. Muda wa basi tukauita *s*. Gari lilichelewa saa moja, hivyo muda wake ni *s* kutoa 1. Penye kukutana, umbali ni sawa:

40s = 60s − 60

Al-jabr ni kuunga kilichopunguka, kama mfupa uliovunjika. Tukaongeza 60 pande zote mbili:

40s + 60 = 60s

Al-muqabala ni kukabilisha vya jinsi moja. Tukaondoa 40s kila upande:

60 = 20s

Basi *s* ni 3. Saa 2 na saa tatu ni saa 5 asubuhi. Tukahakikisha: basi 40 × 3 ni kilomita 120, gari 60 × 2 ni 120 vilevile.

Tahadhari moja: dakika 30 ni saa 0.5, si 0.30. Hapo wengi huteleza.

Swali la pili binti alilifanya peke yake, mamake akimshikia taa.

Enyi wazazi, msiseme mbele ya watoto kwamba elimu fulani si ya kwetu. Keti naye, hata kama hujui; muulize tu: "Tunajua nini? Tunatafuta nini?" Hayo yatosha kuwa mwanzo.

Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa. Amin.