St. Louis Blues 2018–2019: Kutoka Mkiani mwa Ligi hadi Kombe la Stanley

St. Louis Blues ni timu ya hoki ya barafu yenye makao yake katika jiji la St. Louis, kando ya mto Mississippi, jimboni Missouri, Marekani. Ilianzishwa mwaka 1967, pale ligi kuu ya Amerika Kaskazini, NHL, ilipoongeza timu 6 kwa mpigo na kufikisha 12. Jina lake limetoka katika wimbo wa W. C. Handy wa mwaka 1914. Misimu yake 3 ya mwanzo yote iliishia fainali ya Kombe la Stanley, na yote iliishia kwa kipigo cha michezo 4 bila ushindi hata mmoja: mara mbili mbele ya Montreal, mara ya tatu mbele ya Boston mwaka 1970. Kisha miaka 49 ikapita bila fainali nyingine. Msimu wa 2018–2019 ulikata ukame huo kwa njia isiyotarajiwa kabisa, kwa kuwa timu iliyoamka Januari 3 ikiwa ya mwisho kati ya timu 31 ndiyo iliyonyanyua kombe Juni 12.

Kwa vile hoki ya barafu haichezwi sana katika nchi za joto, ni vyema kueleza kwanza namna inavyoendeshwa. Kila upande huwa na wachezaji 6 uwanjani: kipa, mabeki 2 na washambuliaji 3. Huteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye ubapa mwembamba wa chuma chini ya soli, wakigombea kisahani kizito cha mpira kwa fimbo ndefu zilizopinda ncha. Mchezo una vipindi 3 vya dakika 20. Mbio zake ni kali kiasi kwamba mabeki na washambuliaji hupokezana kila baada ya muda usiofika dakika moja, bila mchezo kusimamishwa, hivyo timu huja na wachezaji 20 kwa siku moja. Anayecheza rafu huketishwa nje kwa dakika 2 au zaidi, na wenzake hubaki pungufu hadi adhabu iishe au wafungwe.

Kipa hapokezwi. Hukaa langoni dakika zote 60 akikabili mikwaju ipatayo 30, na katika msimu huo wa 2018–2019 wastani wa ligi ulikuwa kuokoa mikwaju 91 katika kila 100. Aliyefikisha 92 au 93 alihesabiwa miongoni mwa bora; aliyeshuka hadi 89 alipoteza namba. Pengo la mikwaju 3 katika 100 linaonekana dogo, lakini kwa mikwaju 30 ya kila mchezo ni karibu bao zima, na timu nyingi hufunga mabao 3 tu kwa siku. Hakuna nafasi nyingine uwanjani yenye uzito wa namna hiyo. Asiyelizingatia jambo hili ataona kilichotokea St. Louis kuwa muujiza, na hakikuwa muujiza.

Msimu huo ligi ilichezwa kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Aprili, michezo 82 kwa kila timu, nusu yake nyumbani. Ushindi una pointi 2. Aliyefungwa ndani ya dakika 60 hapati kitu, bali aliyefungwa katika muda wa nyongeza au kwa mikwaju ya penalti huambulia pointi 1. Ndiyo maana rekodi ya timu huandikwa kwa tarakimu tatu: ushindi, vipigo vya kawaida, na vipigo vya nyongeza. Timu 16 huingia hatua ya mtoano, ambako kila jozi hucheza hadi mmoja apate ushindi mara 4. Bingwa, kwa hiyo, huhitaji ushindi mara 16 ndani ya miezi miwili, baada ya mwili kuchoshwa na ile 82.

Meneja mkuu wa Blues, Doug Armstrong, aliuanza msimu akiamini ana kikosi cha ubingwa, na usajili wake ulionyesha hivyo. Julai 1, 2018, alimchukua Ryan O'Reilly kutoka Buffalo kwa kutoa wachezaji 3 pamoja na haki za kuchagua chipukizi katika miaka ya mbele. O'Reilly ni mshambuliaji wa kati wa aina inayotafutwa sana: hufunga, hutoa pasi za mabao, na hurudi kukaba kama beki. Wakaja pia Tyler Bozak, David Perron aliyewahi kuichezea timu hiyo, na Pat Maroon, mzaliwa wa St. Louis aliyetaka kucheza karibu na familia yake. Tayari walikuwapo nahodha Alex Pietrangelo, beki, na Vladimir Tarasenko, mfungaji hodari kutoka Urusi. Kwa majina, timu ilikuwa imekamilika.

Matokeo yakawa mengine. Mchezo wa kwanza, nyumbani dhidi ya Winnipeg, ulikwisha kwa kufungwa 5–1. Novemba 19, baada ya kupoteza 2–0 mbele ya Los Angeles na kufikisha rekodi ya 7–9–3, kocha Mike Yeo alifukuzwa kazi usiku uleule. Nafasi yake alipewa Craig Berube kwa muda, mchezaji wa zamani aliyejulikana kwa ubabe wake uwanjani na aliyewahi kuifundisha Philadelphia. Mabadiliko hayakuleta nafuu ya haraka. Mwezi Desemba Robert Bortuzzo na Zach Sanford walipigana ngumi mazoezini, wenzao wakitazama. Asubuhi ya Januari 3, 2019, ikiwa imecheza michezo 37, timu ilikuwa na rekodi ya 15–18–4, pointi 34. Ilikuwa ikiburura mkia wa ligi nzima.

Msimamo huo ulisema kweli kuhusu pointi, lakini ulificha jambo kuhusu uchezaji. Berube alikuwa ameshairudisha timu kwenye mambo ya msingi: kupeleka kisahani mbele bila madoido, kuwabana mabeki wa adui kwenye kona zao, na kurudi nyuma kwa pamoja. Blues walianza kupiga mikwaju mingi kuliko waliyopigiwa. Kilichowakwamisha ni langoni. Kipa namba moja, Jake Allen, alimaliza msimu akiwa na wastani wa kuokoa mikwaju isiyofika 91 katika 100, na miezi ya mwanzo ndiyo iliyokuwa migumu zaidi kwake. Timu inayofungwa kila inapoteleza huanza kucheza kwa woga, na woga huzaa makosa mengine. Ndipo hata wafungaji wazuri huonekana wamepoteza makali.

Jibu lilikuwa ndani ya klabu muda wote. Jordan Binnington alichaguliwa na Blues mwaka 2011 katika raundi ya tatu, na kwa miaka mingi aliishi katika ligi za daraja la chini. Msimu wa 2017–2018 Blues hawakuwa na timu ya akiba iliyo yao peke yao, hivyo alikopeshwa kwa timu ya akiba ya Boston iliyoko Providence. Mwanzoni mwa msimu wa 2018–2019 bado alikuwa daraja la chini, San Antonio, na katika ligi kuu alikuwa amecheza dakika chache tu kama kipa wa kuingia. Januari 7, 2019, akiwa na umri wa miaka 25, alianzishwa kwa mara ya kwanza, ugenini Philadelphia. Aliokoa mikwaju yote 25, Blues wakashinda 3–0.

Usiku uliotangulia, wachezaji kadhaa walikuwa baa moja jijini humo wakitazama mchezo wa futiboli ya Marekani, wakasikia wateja wakishangilia kila wimbo wa Laura Branigan wa mwaka 1982, "Gloria", ulipopigwa. Wakaamua kuufanya wimbo wao wa ushindi. St. Louis nzima ikaupokea, na hadi Juni ulikuwa ukisikika madukani, shuleni na kwenye magari. Kisa hiki hutajwa kila msimu huo unaposimuliwa, na kina haki yake, kwa kuwa kikosi kilichokuwa kikipigana mazoezini kilihitaji kitu cha kufurahia pamoja. Hata hivyo wimbo hauokoi mikwaju.

Kuanzia Januari 23 hadi Februari 19 Blues walishinda michezo 11 mfululizo, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea katika historia ya klabu hiyo. Binnington alimaliza ligi akiwa na ushindi 24, vipigo 5 vya kawaida na 1 cha nyongeza. Alifungwa wastani wa mabao 1.89 kwa mchezo na kuokoa karibu mikwaju 93 katika kila 100. Kuanzia ile asubuhi ya Januari 3, timu ilipata rekodi ya 30–10–5, yaani pointi 65 katika michezo 45, karibu maradufu ya zilizopatikana katika michezo 37 ya mwanzo. Ilimaliza na pointi 99, ya tatu katika kundi lake, nyuma ya Nashville yenye 100 na Winnipeg iliyolingana na Blues kwa pointi. O'Reilly aliongoza timu kwa pointi 77 za mabao na pasi. Tarasenko alifunga mabao 33.

Katika mtoano, Winnipeg walitolewa kwa 4–2, Jaden Schwartz akifunga mabao yote 3 ya Blues katika mchezo wa mwisho. Dallas walikuwa wagumu zaidi, wakaulazimisha mchezo wa 7. Siku hiyo, Mei 7, kipa wa Dallas, Ben Bishop, aliokoa mikwaju 52, na yeye mwenyewe alikulia St. Louis. Ikumbukwe kwamba kwenye mtoano hakuna penalti za kuamua. Huongezwa vipindi vya dakika 20 hadi bao lipatikane. Lilipatikana katika kipindi cha pili cha nyongeza, likafungwa na Pat Maroon, kijana wa mjini humo, na matokeo yakawa 2–1.

Dhidi ya San Jose, katika raundi iliyofuata, lilitokea tukio ambalo lingeweza kuivunja timu yoyote. Mchezo wa 3, katika muda wa nyongeza, mchezaji wa San Jose, Timo Meier, aligusa kisahani kwa mkono kikamfikia mwenzake, na mara Erik Karlsson akafunga. Pasi ya mkono ya namna hiyo hairuhusiwi, lakini waamuzi hawakuiona, na kanuni za wakati huo hazikuruhusu kosa hilo kukaguliwa kwa video. Bao likakubaliwa, San Jose wakaongoza kwa michezo 2–1. Berube aliwazuia wachezaji wake kulumbana juu ya jambo lililokwisha. Walishinda michezo 3 iliyofuata kwa 2–1, 5–0 na 5–1. Ligi nayo ilipanua matumizi ya video mwezi Juni mwaka huohuo ili makosa kama hayo yakaguliwe.

Fainali iliwakutanisha na Boston, timu ileile ya 1970. Boston walishinda mchezo wa kwanza 4–2, Blues wakafikisha vipigo 13 mfululizo katika historia yao ya fainali. Wa pili ukaenda nyongeza, na beki Carl Gunnarsson akafunga bao la 3–2 lililoupa mji ushindi wake wa kwanza kabisa katika hatua hiyo. Mchezo wa 3, nyumbani, ulikuwa wa aibu: 7–2, Binnington akitolewa baada ya kufungwa mara 5 katika mikwaju 19. Hapo ndipo ilipoonekana tofauti kati ya timu ya Novemba na ya Juni. Kipa huyo alirudi langoni, Blues wakashinda 4–2, kisha 2–1 ugenini. Walipopewa nafasi ya kutwaa kombe mbele ya watu wao, walifungwa 5–1.

Mchezo wa 7 ulichezwa Boston, Juni 12. Kipindi cha kwanza wenyeji walipiga mikwaju 12 na wageni 4 tu. Binnington aliizuia yote 12, na katika ile 4 ya wenzake mabao yalikuwa 2: la O'Reilly, na la nahodha Pietrangelo zikiwa zimebaki sekunde 8. Brayden Schenn aliongeza la tatu, na la nne likafungwa na Zach Sanford, yuleyule wa ngumi za Desemba. Boston walipata moja dakika za mwisho, 4–1. Binnington aliokoa mikwaju 32 kati ya 33. Akawa kipa wa kwanza katika msimu wake wa kwanza kupata ushindi wote 16 wa mtoano mmoja. Ushindi 10 kati ya huo ulipatikana ugenini. O'Reilly, aliyefunga katika kila mmoja wa michezo 4 ya mwisho ya fainali, alipewa tuzo ya Conn Smythe, ya mchezaji bora wa mtoano.

Maandamano ya ushindi yalifanyika katikati ya St. Louis Juni 15. Mwezi huohuo Berube alipewa mkataba wa miaka 3 na kuacha kuwa kocha wa muda, na mwezi Julai Binnington akasaini wa miaka 2. Msimu uliofuata Blues walikuwa wakiongoza kanda ya magharibi ligi iliposimamishwa Machi 12, 2020, kwa sababu ya Uviko-19. Mtoano ulipochezwa hatimaye kiangazi hicho, walitolewa na Vancouver katika raundi ya kwanza, na Oktoba nahodha Pietrangelo akahamia Vegas.