Jini Katika Hadithi za Mapenzi

Tumeulizwa: kijana akiandika hadithi ya mapenzi ya jini na binadamu, je, daftari lake lichanwe? Jawabu letu: lisichanwe, lisahihishwe.

Kosa la hadithi nyingi za jini mahaba ni kumfanya binti mateka. Hapendi wala hakatai, huchukuliwa tu. Msomaji aliye mgonjwa huamini kuwa naye hana hiari, asiende kwa tabibu. Na Qurani Tukufu, katika Sura Ibrahim, yatufunza kuwa Shetani mwenyewe atakiri ya kwamba hakuwa na mamlaka juu ya watu. Aliwaita tu, nao wakamwitikia.

Tazameni *Adili na Nduguze*, kitabu cha mwaka 1952 cha marehemu Shaaban Robert. Huria, binti wa kijini, aliokolewa na Adili, naye akaulipa wema huo kwa kumwokoa Adili alipotoswa baharini. Hakumteka. Moyo wa Adili ulikuwa kwa Mwelekevu, binadamu mwenziwe.

Basi, enyi vijana wetu, mpeni jini wenu shukrani na haya, na binadamu wenu mpeni ulimi wa kusema: La. Wallahu aalam.